Nilivyoenda Kumdai Beki Wangu Barafuni

Kituoni, Litein

Uvumilivu wangu uliisha siku ya kuuza majani ya chai, mbele yenu nyote, kwa hiyo msijifanye hamkuona. Afisa wa majani alifika kituoni kwa pikipiki, helmeti kichwani, na kabla hajazima injini mwanangu Kiprotich alichomoka kwenye kikapu nilichomkalisha, akakimbia na viguu vyake vile, akalikumbatia goti la yule bwana na kuita, "Baba!"

Mlicheka. Karani wa mizani alicheka mpaka akasahau kilo za mama aliyekuwa mbele yangu. Afisa mwenyewe aliinua mikono kama mtu aliyeshikwa na polisi. "Mama Kiproti, mimi sijui kitu! Niko na mke na watoto wanne!"

Mimi sikucheka. Nyinyi hamjui picha iliyo juu ya meza yangu. Kila jioni nilikuwa nikimwinulia mtoto picha hiyo na kumwambia huyu ni baba, huyu ni baba, na katika picha Wesley amevaa helmeti nyekundu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Kumbe sikuwa nikimfundisha baba. Nilikuwa nikimfundisha helmeti.

Kwa waliohamia hapa juzi: bwana yangu Wesley ni mtu wa hapa hapa. Mama yake alipelekwa Kanada na wamishenari kusomea unesi, akaenda na mtoto mdogo mgongoni, na mtoto akakulia huko. Wakamvisha viatu vyenye visu chini, wakampa kigongo, na alipokuwa mkubwa wakamwajiri kucheza hoki. Si hoki ile ya nyasi tuliyocheza shuleni, ambamo mimi nilikuwa beki kama yeye na wasichana wa Bomet walikuwa wakinijua kwa jina baya. Hii ni ya juu ya barafu. Alikuja kumzika babu yake, akaniona, tukaoana kanisani, akakaa miezi ile ambayo barafu yao hulala, kisha akarudi "msimu mmoja tu." Aliniacha na mimba changa. Mwaka uliofuata goti lake likapasuliwa. Mwaka mwingine akabaki kufundisha watoto wa watu kuteleza. Wa kwake alikuwa ameshazaliwa, jioni, ng'ombe wakiingia boma, ndiyo maana ni Kiprotich. Ng'ombe walirudi. Baba hakurudi.

Na jioni ya siku hiyo hiyo ya helmeti, simu ikalia dukani kwa Mzee Bett, nikaitwa.

"Mpenzi," Wesley akasema, "wameniongezea msimu. Beki wawili wameumia. Wananihitaji sana."

"Nakuja," nikasema.

"Unakuja wapi?"

Nikaweka simu chini. Siku sikumwambia. Ng'ombe hapewi taarifa kwamba mwenyewe yuko njiani.

Maneno hayo ya ng'ombe si yangu, ni ya Kogo, bibi yake Wesley ninayeishi naye. Mnajua desturi yetu ya kimanagan: ukiogopa ugonjwa usimalize zizi lote, unamweka ng'ombe wako kwa rafiki wa mbali. Rafiki anachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wako, na siku ukimtaka, unaenda unamchukua. Akifa huko, lazima wakurudishie ngozi uone.

"Wesley amewekwa kwa watu," Kogo aliniambia. "Mama yake ndiye alimweka, akafa hajamchukua. Sasa mwenyewe ni wewe. Maziwa wamekunywa miaka yote hiyo. Enda."

Akanipa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala mpaka yakaiva, yenye mkaa wake mzuri. "Anywe kabla hajafungua mdomo," akasema. "Mtu akishakunywa ya kwao, uongo unakwama kooni."

Mambo ya pasipoti, viza na nauli siyasimulii. Aliyepotewa na ng'ombe haulizwi kamba ilikuwa ya bei gani.

Litein hadi Nairobi, kwa kupitia Kapsoit

Mtaniuliza Kapsoit iko wapi na Nairobi iko wapi. Hata mimi nilimwuliza Ouma, dereva wa lori la kiwanda aliyekubali kunibeba na mtoto katika safari yake ya kupeleka chai. Tulifika Kericho, badala ya kukata kwenda Nakuru akakata upande ule mwingine.

"Shemeji, ni dakika kidogo," akasema. "Nampelekea mama kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa sofa ya watu watatu, imefungwa nyuma juu ya magunia ya chai. Mlango wa mama yake ulikuwa wa mtu mmoja, tena mwembamba. Walijaribu kuingiza sofa kwa kichwa, kwa miguu, kwa ubavu. Majirani wakaja na mawazo. Mvua ikaja. Mwishowe sofa ikaachwa barazani, mama mzee akaikalia hapo hapo kama chifu, akaagiza samaki waletwe.

Ni wale watu waliotoka upande wa ziwa kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, na kwa samaki sina neno nao. Nilikula mpaka mkia. Mama Ouma alitaka kuona picha ya huyo mtu ninayemfuata, nikampa ile nyingine, ambayo Wesley anacheka na pengo la meno mawili ya chini linaonekana wazi.

Hapo niwakumbushe. Wesley alipokuja mara ya kwanza, Kogo aliliona hilo pengo akapiga vigelegele. Wazee wetu walikuwa waking'olewa meno mawili ya chini, na Kogo mwenyewe ametolewa. Alisema, "Kumbe hata Wazungu wanajua kulea!" Wesley alijaribu kumweleza kwamba meno yalitolewa na kile kidude cheusi cha mpira wanachokipiga, kigumu kama kwato. Kogo akamwambia asione haya, kila mtu alilia siku yake.

Sasa Mama Ouma naye akaishika picha, akaisogeza mbali na macho, akacheka. Yeye hana meno sita ya chini. Kwao ni sita.

"Huyu ametolewa mbili tu," akasema. "Aliyetoa alichoka?"

"Kwetu ni mbili, mama."

"Mbili ni kuonja." Akanirudishia picha. "Lakini ni kijana mzuri. Wakimwongeza nne, mlete hapa, tutampatia shamba."

Tuliingia Nairobi ndege ikiwa karibu kufunga mlango. Ouma alinishusha uwanjani kwa lori, chai inanukia, askari wanapiga filimbi. Nikakimbia, mtoto mgongoni, kibuyu kwapani, na harufu ya samaki ikinitangulia kama mwenyekiti.

Amsterdam, kwenye ukungu

Ukungu ulishika ule uwanja mpaka ndege zikalala kama ng'ombe wa mchana. Tukapewa vikaratasi vya kwenda kula. Nilichagua samaki, kwa sababu ya kumbukumbu ya Kapsoit. Akaja mbichi, mwenye kitunguu juu. Nikamrudisha jikoni nikawaambia kwa Kiingereza cha heshima, "Hamjamaliza." Wakasema wamemaliza. Nikawaangalia. Wakaniletea mkate.

Kiproti alikuwa amegundua viatu vya watu. Nikamkemea kwa Kiswahili: "Wacha kiatu ya wenyewe!" Mama mmoja mwenye kitenge akageuka mzima mzima, kama aliyeitwa jina. Alikuwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu, anaenda kwa binti yake Ubelgiji, na alikuwa na karanga. Mimi nilikuwa na mayai ya kuchemsha. Tukawa ndugu.

"Bwana anafanya kazi gani huko, mama?"

"Anazuia watu."

"Ni polisi?"

"Hapana. Anazuia watu kwenye barafu."

"Hao watu wanataka kwenda wapi?"

"Wanataka kupeleka kidude kwenye wavu."

"Na kidude ni cha nani?"

"Si cha mtu."

Mama Furaha alitafuna karanga akifikiri. "Basi si awaache tu?"

Jamani, tangu niolewe sijasikia swali la maana kuliko hilo. Nikasema analipwa. Akasema hata mume wake alikuwa akilipwa na mgodi, mpaka siku alipofika nyumbani watoto wakamkaribisha kiti cha wageni. "Walimwita Monsieur, kama bwana mgeni," akasema. Hakucheka. Akamvuta Kiproti magotini na kumpa karanga moja moja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika rangi. Nilikuwa nimeondoka Litein nikitaka ugomvi. Sasa nilitaka mtoto huyu aone uso wa baba yake kabla hajazoea kuishi bila huo uso, na nilianza kuhofia kwamba ukungu utanichelewesha.

Uwanja wa ndege wa Toronto, habari ya kibuyu

Afisa wa forodha alikuwa kijana mwekundu, mpole, mwenye glavu.

"Hii ni nini?"

"Maziwa."

Akafungua, akachungulia. "Mbona ni ya kijivu?"

"Mkaa."

"Nani aliweka mkaa kwenye maziwa?"

"Bibi."

"Kwa makusudi?"

Nikamwambia bila mkaa hayawi matamu. Akauliza yalikamuliwa lini. Mimi nimelelewa kanisani, nikamwambia ukweli. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, na mkubwa alipoinama kunusa alirudisha kichwa kama mtu aliyepigwa kofi na mama mkwe.

"Maziwa haya hayawezi kuingia Kanada," akasema.

"Yataingia," nikasema, "yakiwa ndani yangu."

Nikainua kibuyu nikanywa. Watu wa foleni walisimama kutazama. Nilipofika nusu, Kiproti akalia, nikampa naye, akatoka na masharubu ya kijivu kama mzee wa kanisa. Nikamaliza yote. Mursik ile ilikuwa ya Wesley na iliniuma, lakini kuliko kuiona ikimwagwa kwenye pipa la Wazungu, afadhali itembee na mimi. Kibuyu kitupu wakaniruhusu. Yule mwekundu akaniuliza kama niko sawa. Nikacheua. Akagonga muhuri haraka.

Halberd, walikosema wanamhitaji sana

Baridi ya huko siwezi kuisimulia. Kericho tunasema kuna baridi, tunamsingizia Mungu. Basi lilinishusha Halberd, mji wenye barabara moja na jengo moja kubwa la mabati kama kiwanda cha chai. Ndani yake ndimo barafu inafugwa. Nikaingia ofisini, mtoto mgongoni chini ya makoti mawili, nikamwambia msichana wa mapokezi: "Nimekuja kumchukua Wesley."

Akanitazama. "Amebadilishwa."

"Amebadilishwa nguo?"

"Amebadilishwa timu. Jana. Yuko Ravenna Falls sasa."

Nikauliza aliulizwa na nani. Hakuulizwa. Huko, wenye timu wawili wanapigiana simu, na beki analala mtu wa mji huu na kuamka mtu wa mji ule. Nikauliza walimbadilisha na nini. Akasoma karatasi: winga mmoja wa kushoto, pamoja na mengine yatakayofikiriwa baadaye.

Jamani! Si hivyo ndivyo wazee wetu wanavyomaliza mahari? Ng'ombe hawa leo, hao wengine tutaongea mvua ikinyesha. Ila kwa mahari, wenyewe wanaketi, mtu anapewa chai, na msichana anaulizwa kama anamtaka huyu. Mimi nilikaa Litein nikiambiwa anahitajika sana, na wao walikuwa wakimpima na winga.

Mzee wao wa kunoa viatu alisikia sauti yangu akatoka stoo. Jina lake Gus, na meno ya juu hakuwa nayo. Wangekutana na Kogo wangekuwa na seti moja kamili. Alinikalisha karibu na mashine yake yenye joto na kunipa supu ya njegere. Ndiye aliyenieleza kazi ya bwana yangu, maana mwenyewe hakuwahi. Alisema Wesley si wa kufunga mabao. Ni beki wa kukaa nyumbani. Wenzake wakipanda mbele kutafuta sifa, yeye anabaki nyuma, na kidude kikija kwa kasi, anaweka mwili.

"Mwili upi?"

"Wowote ulio karibu," akasema Gus. "Mwaka jana alicheza na mfupa wa mguu umevunjika. Hakumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Akikaa chini, kuna kijana anangoja nafasi yake. Siku zote kuna kijana."

Nilimaliza supu. Mlikuwa mkiniambia, na wewe Mama Cheptoo ndiye uliyeanza, kwamba kuna Mzungu mwanamke. Hakuna. Mwanamke ningemweza. Kulikuwa na hofu, na hofu haishikwi nywele.

Nikamwuliza Gus: beki wa kukaa nyumbani, mbona hajawahi kukaa kwake? Akainama kwenye mashine yake, akaiwasha tena, ikapiga kelele.

Njiani na mke wa winga

Yule winga aliyebadilishwa na Wesley aliletwa Halberd asubuhi hiyo na mke wake kwa gari lao, mabegi mpaka kwenye paa. Mke aliitwa Darlene. Alikuwa na mtoto wa umri wa Kiproti na uso kama wangu, yaani uso wa mtu anayetafuta pa kutupa jiwe. Walikuwa wamemaliza kupaka rangi chumba cha mtoto wiki hiyo. Sasa anarudi Ravenna Falls na mtoto tu, bila mume, kufungua vitanda. Msichana wa mapokezi alitutambulisha kwa sauti ndogo.

"Mume wako ndiye wangu amebadilishwa naye?" Darlene akaniuliza.

"Ndiye. Na wako ndiye wangu alibadilishwa naye."

Tukatazamana. "Panda," akasema.

Theluji ilianza kabla hatujamaliza mji. Darlene aliendesha akitukana, na mimi niliitikia kama kwaya. Alilaani kocha, nikasema amina. Alilaani meneja, nikasema amina. Alilaani mama mkwe, hapo nikanyamaza, maana wangu aliyebaki ni Kogo, naye ananipenda. Gari likaingia mtaroni polepole, kwa adabu, kama mtu anayeketi. Tukangoja trekta kwenye hoteli ya madereva wa malori. Huko wanachukua chipsi nzuri kabisa, wanazimwagia mchuzi wa nyama na vipande vya jibini vinavyolia kwenye meno. Nilisema mtu aliyepika hivi alikuwa amekasirika. Kisha nikaagiza sahani ya pili.

Watoto walikuwa chini ya meza wakinyang'anyana kibuyu. Darlene akaniuliza hicho ni nini, nikamweleza kibuyu, na kutoka kibuyu nikamweleza kimanagan: ng'ombe wa mtu kwa mwenye kumchunga, maziwa yako, mnyama wangu, na ngozi.

Aliacha kula. "Kwenu mwenyewe anaweza tu kuja kumchukua?"

"Siku yoyote."

"Hata msimu haujaisha?"

"Ng'ombe hana msimu."

Darlene alicheka mpaka dereva mmoja akageuka, halafu akajifuta macho kwa kitambaa cha karatasi, na akaendelea kuyafuta muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Ravenna Falls, kibandani

Tulifika mechi ikiwa katikati. Darlene anawajua walinzi wote, tukaingia bila tiketi. Na mimi, beki wa zamani, nikaona kwa mara ya kwanza kitu nilichoolewa nacho.

Wanakimbia kama swala waliopewa silaha. Wanagongana kwenye ukuta mpaka ukuta unaimba. Sisi shuleni tungefukuzwa. Nilimtambua Wesley kwa namna ya kusimama: wote wako mbele, yeye nyuma, anarudi kinyumenyume huku anatazama, ananyoosha kigongo, anafunga njia. Niseme ukweli, alikuwa mzuri. Hata goti likimvuta, alikuwa mzuri. Hiyo ilinikasirisha zaidi.

Kisha mtu akampita, Wesley akamtega miguu kwa kigongo, mtu akaanguka kifudifudi. Refa akapiga filimbi. Huko hawampi kadi. Wanamfungia kwenye kibanda cha kioo, peke yake na mzee mwenye saa, dakika mbili, kama mtoto aliyepiga kelele darasani. Nikamwambia Darlene, "Kwa hivyo hawezi kwenda popote?"

"Dakika mbili."

Nikashuka ngazi. Nyuma ya kibanda kuna nafasi kati ya vioo, inatosha mkono, na inatosha maneno.

"Wesley."

Aligeuka kama aliyesikia mzimu. Akaniona mimi, koti nililoazima kwa Darlene, kibuyu. Kisha akaona kilicho mgongoni.

"Chepkirui? Umefika vipi—"

"Kwa Kapsoit. Nyamaza, una dakika mbili. Hili ni nini kwa kichwa? Toa."

Akatoa helmeti. Jasho linatiririka, na pengo lilikuwa limekua. Sasa ni meno manne. Nikawaza, akiendelea hivi Mama Ouma atampata. Nikamshusha Kiproti, nikamsimamisha kwenye kiti mbele ya kioo. Mtoto akaitazama helmeti iliyo mkononi, akainyooshea kidole, akasema, "Baba."

Sijawahi kuona mtu mzima akipigwa namna ile bila kuguswa. Wesley aliitazama helmeti. Akaiweka chini, nyuma ya miguu yake, taratibu, kama mtu anayeficha kosa. Akapiga magoti, kwa goti lile baya, uso ukawa sawa na uso wa mtoto, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Hapana," akamwambia kwa Kipsigis chake kile cha mtoto wa miaka minne. "Mimi. Ni mimi."

Mzee wa saa akafungua mlango. Muda umekwisha. Wesley hakusimama. Kocha ng'ambo ya pili anapiga ubao kwa ngumi, timu inacheza pungufu, watazamaji wanauliza kuna nini. "Enda," nikamwambia, "sijamaliza lakini enda." Akavaa helmeti, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye hata kidude hakuwa nacho, akamwangusha kwa upole, akainua mikono, akarudi mwenyewe kibandani kabla refa hajamaliza filimbi.

"Endelea," akaniambia.

Nikaendelea. Niliyosema humo hayaandikiki. Mzee wa saa aliacha kutazama saa.

Baada ya mechi alitukuta kwenye korido, akakichukua kibuyu, akakitikisa. Kitupu. Nikamweleza habari ya forodha. Akachomoa kizibo, akanusa muda mrefu, akaramba mkaa uliobaki ukingoni.

"Nikirudi Litein mimi ni nani?" akauliza. "Kuchuma majani sijui. Kuongea na wazee siwezi. Hapa angalau najua pa kusimama."

"Beki anasimama mbele ya lango lake," nikasema. "Lango lako ni hili hapa. Lina kamasi. Lifute."

Akalifuta, kwa mkono wa jezi.

Ofisini kwa meneja

Meneja wa Ravenna Falls alisema mchezaji ana mkataba, na malalamiko yoyote yaletwe kwa maandishi. Alidhani maandishi yatanizuia. Mimi nimefika kidato cha nne. Nikaomba karatasi, Darlene akashika watoto, nikaandika hapo hapo kwenye meza yake. Niliandika kwa Kiingereza. Hapa nimewawekea kwa Kiswahili, pilipili yote imo.

*Kwa Meneja wa Timu, Ravenna Falls. Nakala kwa Meneja wa Halberd.*

*Bwana,*

*KUH: MALALAMIKO KUHUSU BEKI MLIYEWEKEWA*

*Mimi ni mke wa beki mliyempokea juzi, na ndiye mwenyewe. Nalalamika kama ifuatavyo.*

*Mtu huyu mliwekewa akiwa mtoto, mzima, na meno yote. Sisi hatukumuuza. Mmemchunga na mmekunywa maziwa yake, na kwa malezi tunawashukuru, maana adabu anayo. Lakini mmempokezana mji kwa mji bila kumwambia mwenyewe, jambo ambalo kwetu mtu hafanyi hata kwa mbuzi.*

*Mnamrudisha akiwa na goti moja na pungufu ya meno manne. Mawili bibi yake amekubali. Mawili mengine ni deni lenu.*

*Mlimbadilisha na winga na mengine yatakayofikiriwa baadaye. Mimi nimeyafikiria. Mengine hayo ni mimi na mtoto, na hatukubali.*

*Mke wa winga naye hakuulizwa, na rangi ya chumba haijakauka. Hayo ni malalamiko yake lakini karatasi ni moja.*

*Kwetu, mnyama akifa kwa watu, mwenyewe huletewa ngozi. Mimi sikusafiri mpaka hapa kungoja ngozi. Namchukua angali anatembea. Mkataba wenu una msimu, mtoto hana.*

*Tafadhali mvueni helmeti, ni yenu. Kichwa ni chetu.*

*Wako mwaminifu,*
*Chepkirui, mama Kiprotich, Litein.*

*Shahidi: Wesley, beki. Nimesoma yote, nimecheka mara mbili, na nimetia sahihi mwenyewe bila kulazimishwa.*